McIndoe: Daktari wa makovu aliyelima Kilimanjaro

Msomaji wangu, safu ya wiki hii inamhusu mtu aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita. Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo wagonjwa na wazazi hawachoki kuniuliza: kidonda kilishapona, nyuzi zilishatolewa, mbona bado panauma? Anayeuliza anaweza kuwa mama aliyejifungua kwa upasuaji miaka mitatu iliyopita, ambaye akiinama kufua anahisi mshono unamvuta. Anaweza kuwa baba aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, au mzazi wa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto na sasa vidole vyake havinyooki. Wengi wao wameshaambiwa nyumbani kwamba wanadeka, kwa kuwa kovu ni kovu tu, halina maumivu.

Daktari mpasuaji Archibald McIndoe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupinga wazo hilo. Alizaliwa New Zealand, akapata sifa Uingereza, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Shirika la AMREF, ambalo wengi wetu tunalijua kwa ndege zake za madaktari, ni sehemu ya urithi aliotuachia. Ukiyafuata maisha yake utaona kitu ambacho kila mgonjwa aliyewahi kushonwa anapaswa kukijua: ngozi kufunga ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni kazi ya mikono, maji, mazoezi na subira.

Kijana wa Dunedin

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Baba yake alikuwa mchapaji na mama yake mchoraji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, mjini kwao, kisha akafanya kazi katika Hospitali ya Waikato. Akapata nafasi ya masomo katika Kliniki ya Mayo nchini Marekani. Nafasi hiyo ilikuwa ya daktari ambaye hajaoa, naye alikuwa ametoka kufunga ndoa na Adonia Aitken. Wakaificha ndoa yao, akasafiri peke yake, na mkewe akamfuata mwaka mmoja baadaye.

Marekani alijifunza upasuaji wa tumbo na kuandika kuhusu magonjwa ya ini. Hakuwa na mpango wowote na makovu. Mwaka 1930 alihamia London akitegemea kupata kazi, lakini kazi aliyoitarajia haikuwepo. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies, naye mzaliwa wa Dunedin. Gillies ndiye aliyefungua njia ya upasuaji wa kurekebisha maumbile wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliposhona upya nyuso za askari zilizoharibiwa na risasi na mabomu. Alimkaribisha McIndoe kazini kwake na kumfundisha. Hivyo daktari wa ini akawa daktari wa ngozi iliyoharibika.

Mwaka 1938 Kikosi cha Anga cha Uingereza kilimteua kuwa mshauri wake wa upasuaji huo. Vita ya Pili ilipoanza mwaka uliofuata, Uingereza nzima ilikuwa na madaktari wanne tu waliobobea katika fani hiyo. McIndoe alipelekwa kwenye hospitali ndogo ya mji wa East Grinstead, kusini mwa London, iitwayo Queen Victoria. Wagonjwa wake walilazwa katika jengo la mbao lililojulikana kama Wodi namba 3.

Moto wa mwaka 1940

Katika kiangazi cha 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiishambulia Uingereza kila siku. Marubani waliopambana nazo walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Katika baadhi ya ndege hizo tangi la mafuta lilikuwa mbele ya rubani. Likipigwa, moto ulimrukia usoni na mikononi ndani ya sekunde chache. Kijana aliyevua glavu ili ashike vizuri mitambo, au aliyeinua miwani yake ili aone vizuri, alitoka kwa mwavuli akiwa hai, lakini kope, pua, midomo na ngozi ya vidole vilikuwa vimeungua.

Miaka michache kabla ya hapo, watu wa namna hiyo wangekufa kwa mshtuko na kupotea kwa maji mwilini. Sasa waliokolewa, na hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza. Dawa iliyokubalika wakati ule ilikuwa asidi ya taniki, ile ile inayotumika kulainisha ngozi za wanyama viwandani. Ikipakwa juu ya jeraha la moto, ilitengeneza gamba gumu jeusi. Gamba lilizuia maji ya mwili yasipotee, na daktari aliona jeraha kama limefungwa. Lakini chini ya gamba usaha ulijikusanya, na kwenye mikono gamba lilibana kama pete isiyovuliwa. Vidole vilikosa damu, vikajikunja, vikabaki hivyo. Kope zilivutwa mpaka jicho likashindwa kufumba hata usingizini.

McIndoe alipowapokea vijana hao alikuta watu waliohesabiwa kuwa wamepona huku hawawezi kushika kijiko. Mmoja wao alikuwa Richard Hillary, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri kuhusu kuungua kwake kabla ya kufa katika ajali ya ndege Januari 1943. McIndoe alipiga vita asidi ya taniki mbele ya wenzake kwa ukali ambao haukumwongezea marafiki. Alishinda. Kabla vita haijafika mbali, dawa hiyo ilikwishaachwa kwa mikono na uso.

Hapa mzazi anisikilize. Asidi ya taniki hatuna tena majumbani, lakini wazo lake bado tunalo. Mtoto akiungua, tunakimbilia dawa ya meno, unga, majivu, ute wa yai, chochote kitakachofunika na kukausha. Tunafurahi tukiona pamekauka. Kinachotakiwa ni maji safi ya bomba, yasiyo na barafu, yapite juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mtoto apelekwe hospitali.

Maji ya chumvi

McIndoe alikuwa mtu wa kuangalia. Aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walifika hospitalini wakiwa na majeraha yenye hali nzuri kuliko wenzao walioangukia nchi kavu. Akajenga mabafu ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi iliyopimwa, yanayotiririka. Wagonjwa waliingizwa humo mara kwa mara. Bandeji zililoana na kutoka bila kubandua ngozi changa. Kati ya bafu moja na jingine, majeraha yalifunikwa kwa shashi laini yenye mafuta.

Faida ya mabafu yale haikuishia kwenye usafi. Ndani ya maji ya uvuguvugu mkono huwa mwepesi na maumivu hupungua, hivyo mgonjwa aliweza kukunja na kukunjua vidole siku za mwanzo kabisa, kabla kovu halijapata muda wa kukaza. Mwendo ulianza pamoja na tiba. Kwa wakati ule, ambapo kiungo kilichoumia kilifungwa na kuachwa kitulie, hilo lilikuwa badiliko kubwa.

Nawatahadharisha wasomaji wangu wa Msasani, Kawe na Kigamboni, tunaoishi karibu na bahari: msipeleke kidonda cha moto baharini. Maji ya McIndoe yalikuwa safi, yamepimwa na yalibadilishwa. Maji ya fukwe zetu yanapokea mifereji ya mji, na kidonda kibichi humo hukaribisha vijidudu.

Kovu linavyofanya kazi

Tusimame kidogo tueleze kwa nini mwendo ulikuwa na maana. Mwili ukikatwa au kuungua, hujenga daraja la nyuzinyuzi za protini kuziba pengo. Nyuzi hizo hupangwa haraka haraka, bila mpangilio wa ngozi ya kawaida. Wiki chache baada ya kidonda kufunga, kovu huanza kujivuta na kukaza, na kazi hiyo huendelea kwa mwaka mmoja, mara nyingine miwili. Kovu linaweza pia kunasa kwenye tabaka za chini yake, misuli au utando wake, kiasi kwamba unapojinyoosha ngozi haitelezi. Ndiyo maana mama anayeinama kufua anahisi kuvutwa.

Kisha kuna mishipa ya fahamu. Mishipa midogo hukatwa katika kila upasuaji. Mingine huota vizuri, mingine huota vibaya au kunaswa ndani ya kovu. Ikiwa hivyo, mgonjwa huhisi ganzi, kuchomwachomwa, au maumivu hata nguo ikimgusa. Maumivu yakiendelea zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji bila chanzo kingine, madaktari huyaita maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Yanajulikana, yana jina, na si deko.

Kwa mtoto kuna jambo la ziada. Mifupa yake inakua kila mwezi, lakini kovu halinyumbuki kufuata kasi hiyo. Kidole kilichonyooka vizuri akiwa na miaka mitatu kinaweza kuanza kupinda akiwa na sita, bila ajali nyingine yoyote. Mzazi anayesubiri mtoto akue ili kidole kinyooke chenyewe anasubiri kinyume, maana muda unavyopita ndivyo kiungo kinavyozidi kukaza.

Wagonjwa waliounda klabu

Kurekebisha uso mmoja kulichukua miaka. McIndoe alihamisha ngozi kutoka sehemu nzima ya mwili kwa njia aliyojifunza kwa Gillies: kipande cha ngozi hakikatwi chote, kinaviringishwa kama mkonga huku upande mmoja ukibaki umeshikana na mwili ili upate damu, kisha hatua kwa hatua kinasogezwa hadi kwenye pua au kidevu. Wengine waliingia chumba cha upasuaji mara 10, wengine mara 20 na zaidi. Kati ya upasuaji mmoja na mwingine walipewa wiki za kupumzika na kufanya mazoezi.

Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao na kukiita Klabu ya Simbilisi, jina la wale wanyama wadogo wa majaribio ya maabara, kwa sababu walijua daktari wao alikuwa akijifunza juu ya miili yao. Hadi vita inakwisha klabu ilikuwa na wanachama 649, kutoka Uingereza, Canada, New Zealand, Australia, Poland, Czechoslovakia na kwingineko.

McIndoe alielewa kwamba mtu anayeona aibu ya kovu lake hatautumia mkono wake, na mkono usiotumika hukakamaa. Aliondoa sare za wagonjwa, akawaruhusu kuvaa nguo zao na kutoka kwenda mjini. Aliwaomba wakazi wa East Grinstead wawakaribishe majumbani na wasiwashangae. Mji ule ukajulikana kama mji usiokodoa macho. Hospitalini kulianzishwa karakana ambamo wagonjwa walitengeneza vipimo vya ndege. Kazi ile ilikuwa ya kweli, yenye manufaa, na ilivifanyisha mazoezi vidole vilivyoshonwa.

Aligombana pia na wakubwa wa jeshi. Kanuni ilitaka askari ambaye hajarudi kazini baada ya siku 90 aondolewe jeshini. McIndoe alijua kovu la moto halina habari na siku 90, akapigania vijana wake waendelee kulipwa mpaka tiba ikamilike. Baadhi yao walirudi kuruka.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kauli nzito, na wodi yake iliendeshwa kama mahali pa wanaume. Pipa la bia lilikaa ndani ya wodi, na wauguzi wa kike walivumilia utani na kuguswa ambako leo tusingekubali katika hospitali yoyote. Daktari wao aliona na akaliacha. Wauguzi hao ndio waliosafisha, kufunga na kufungua majeraha yale usiku na mchana, na historia haijawapa sehemu yao inavyostahili.

Mikono ya wachuaji

Kuchua mwili hakukuvumbuliwa na McIndoe. Bibi zetu wamechua kwa mafuta ya nazi tangu zamani, na Waingereza walikuwa na utaratibu wao. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wanawake waliofunzwa kuchua wagonjwa, ili kuitenganisha kazi yao na vijumba vya anasa vilivyojificha chini ya jina hilo. Vita ya Kwanza iliwapa kazi tele ya kunyoosha viungo vya majeruhi. Mwaka 1920 walipata hati ya kifalme, na mwaka 1944, vita ya McIndoe ikiwa bado inaendelea, chama chao kikachukua jina la fiziotherapia. Kwa hiyo fani ambayo leo tunaipata hospitalini, yenye mashine na vitanda maalumu, mizizi yake ni mkono wa mtu juu ya mwili wa mtu.

Katika upasuaji wa makovu, mkono huo ndio unaolinda kazi ya mpasuaji. Daktari anaweza kuachia kidole kilichokunjwa na kovu kwa upasuaji wa saa moja. Kisipowekewa banzi, kisipochuliwa wala kunyooshwa kila siku, miezi sita baadaye kimerudi kilipokuwa, na mzazi anaondoka akisema upasuaji haukusaidia.

Kilimanjaro na ndege za madaktari

Mwaka 1947 McIndoe alipewa cheo cha Sir. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika na mwaka 1954 alioa tena. Katika miaka hiyo alivutwa na Afrika Mashariki. Alikuja kama wageni wengi wa Kizungu wa zama za ukoloni, kwa mapumziko na kilimo, akawa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika ardhi ambayo serikali ya wakati ule iliwagawia walowezi.

Huku alikutana tena na mwanafunzi wake, Michael Wood, daktari mpasuaji aliyekuwa akiishi Nairobi. Wood aliona makovu yale yale ya East Grinstead, ila hayakutoka kwenye ndege. Yalitoka kwenye moto wa jikoni, kuni na taa za mafuta, na wenye makovu hayo waliishi mamia ya kilomita kutoka kwa mpasuaji yeyote. Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees, ambaye naye alifunzwa East Grinstead, walipanga namna ya kuwapeleka madaktari kwa ndege hadi hospitali za mbali. Mwaka 1957 shirika likazaliwa. Ndilo hili la AMREF.

McIndoe hakuliona likikua. Alifariki usingizini Aprili 1960 jijini London, akiwa na miaka 59, miezi 20 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Kikosi cha Anga, St Clement Danes, heshima ambayo raia hawapewi kirahisi. Mwaka 2014 mji wa East Grinstead ulimjengea sanamu. Rubani ameketi, mikono yake imeungua na kukunjamana, na nyuma yake daktari amesimama akiwa ameweka mikono yake juu ya mabega yake. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mtoto wa mmoja wa askari waliotibiwa na McIndoe.

Sisi tufanye nini

Huna haja ya kwenda Uingereza. Hapa Msasani hospitali ya CCBRT imekuwa ikirekebisha makovu ya moto na kutoa mazoezi tiba. Muhimbili na MOI wana wataalamu wa fiziotherapia, na KCMC ya Moshi, chini ya mlima ule ule, imefundisha wataalamu hao kwa miaka mingi. Hospitali nyingi za mikoa nazo zina idara hiyo. Omba rufaa. Usisubiri uambiwe.

Ukiwa nyumbani, zingatia haya:

Kwanza, usichue kidonda ambacho hakijafunga. Pasiwe na gamba, majimaji wala nyuzi. Kwa upasuaji wa kawaida mara nyingi ni wiki 2 hadi 3 baada ya kutoa nyuzi. Kwa mshono wa uzazi, subiri kliniki ya wiki ya 6 na uulize kwanza. Akina mama wetu wenye desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, naomba sana: tumbo lenye mshono lisikandwe. Ngozi ya pale ina ganzi, inaweza kuungua bila mzazi kuhisi, na mshono unaweza kufumuka.

Pili, tumia mafuta yasiyo na harufu, kama mafuta ya mgando. Weka ncha za vidole viwili juu ya kovu, bonyeza mpaka uhisi ngozi inasogea pamoja na kilicho chini yake, kisha isogeze juu na chini, kushoto na kulia, halafu kwa mduara. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, kwa miezi 6 au zaidi. Kuvutwa kidogo ni sawa. Maumivu makali, malengelenge au ngozi kuchubuka maana yake umezidisha, pumzika.

Tatu, kovu linalouma hata kwa kuguswa na nguo lizoeshwe polepole. Anza kulipapasa kwa pamba, siku nyingine kwa kanga laini, kisha kwa taulo. Mishipa ya fahamu hujifunza upya kwamba mguso si hatari.

Nne, mtoto aliyeungua kwenye kiungo anahitaji kunyooshwa kila siku na mara nyingi kuvaa banzi usiku. Mfanyie mazoezi kwa michezo: kufinyanga unga wa chapati, kudaka mpira, kusukuma ukuta kwa viganja. Mrudishe kliniki kila anapopangiwa mpaka amalize kukua, hata kama anaonekana mzima.

Tano, kovu linalovimba na kutambaa nje ya mipaka ya kidonda, yaani keloidi, ambalo sisi watu weusi tunalipata zaidi, halitibiwi kwa kusuguliwa kwa nguvu. Kuna sindano na tiba nyingine, mwone daktari wa ngozi. Kulikata tu bila tiba ya ziada mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi.

Sita, kuna maumivu ya kovu ambayo kuchua hakufai, na kukawia kunaweza kukudhuru. Nenda hospitali ukiona homa, wekundu au joto linalosambaa, au usaha. Nenda ukiona uvimbe unaotokeza ukikohoa, maana inaweza kuwa ngiri kwenye mshono. Ikiwa uvimbe huo umegoma kurudi ndani, unauma sana na unatapika, nenda siku hiyo hiyo. Na mama ambaye mshono wake wa uzazi huvimba na kuuma kila anapokaribia siku zake za hedhi amweleze daktari hivyo hivyo, kwa sababu tishu ya kizazi inaweza kuwa imeota ndani ya kovu. Hiyo hutibiwa kwa dawa au upasuaji.

Niseme pia ukweli kuhusu tiba yenyewe. Utafiti kuhusu kuchua makovu bado si mkubwa. Makovu ya upasuaji yanaonekana kuitikia vizuri zaidi kuliko ya moto, na kovu la miaka mingi halitafutika, ingawa kuvuta na maumivu vinaweza kupungua. Kwa hiyo jihadhari na anayekuambia kovu la tumbo ndilo linalosababisha kisukari, ugumba au kifafa, na kwamba kwa vikao kumi vya kulipia ataondoa vyote. Mtaalamu wa kweli atakuuliza ulipasuliwa nini na lini, ataangalia kiungo kinavyosogea, atakufundisha kufanya mwenyewe nyumbani, na atakurudisha kwa daktari akiona kisichomhusu.

Kama kidonda chako kilishafunga na bado panauma, kalisema hilo kwa daktari kwa maneno hayo hayo, na umwonyeshe ni mwendo gani unaokushinda. Kwa mtoto, fanya hivyo mwezi huu, kabla hajarefuka tena.